Kiganja cha Mchele kwa Ajili ya Rozami

Mara ya pili Pi Biakthangi alipotia mkono kapuni, akatoka na jina lilelile: Rozami.

Karatasi ya kwanza alikuwa ameirudisha upesi huku akijifanya anakohoa. Sasa akaitazama hii ya pili kwa hasira. Bila shaka ndiyo ileile, imemganda vidoleni.

"Pi Biakthangi, umetia mkono kapuni au umetumbukia kisimani?" aliuliza Pi Zodini, mke wa mchungaji. "Wenzio wanasubiri!"

Wanawake arobaini wa kanisa, wote wakiitwa Pi kwa heshima, wakaangua kicheko. Ilikuwa Januari, siku ya kugawana majina. Kila mmoja huokota jina la mwenzake, akamwombea mwaka mzima kila anapotenga kiganja cha mchele wa kuchangia kanisa kabla ya kubandika chungu. Na hamwambii mtu mpaka Desemba.

Lakini Rozami! Jirani yake wa ua kwa ua, ambaye hawajasemezana naye mwaka wa kumi na mmoja sasa, tangu Rozami alipombwaga kwa kura moja kwenye uchaguzi wa katibu wa umoja wa wanawake. "Eti ana mwandiko mzuri," Biakthangi alisema hadi leo. "Mwandiko unapika?" Na kweli, katibu ndiye huandika karatasi zote, na hata jina lake mwenyewe kwenye hii alikuwa ameliandika kwa madaha, kwa wino wa zambarau.

Rozami alikaa pembeni, shuka zito limezungushwa shingoni. Karatasi yake aliikunja ikawa nene, akaisokomeza ndani ya Biblia.

Asubuhi iliyofuata Biakthangi alisimama jikoni, kiganja kimejaa mchele. "Bwana, yupo Rozami. Unamjua. Amina." Mchele ukaingia mtungini.

Lakini mwaka ni mrefu na chungu hubandikwa mara mbili kwa siku. Biakthangi hakuwa mtu wa kurudiarudia maneno, na punde akaishiwa. Ili apate la kuomba ikambidi achungulie. Akapanda kigoda, akatazama juu ya ua. Akaona bati linalovuja. Akaona pia kuwa Rozami akiitwa hageuzi kichwa, anageuka mwili mzima.

Mwezi wa nne mkwewe Biakthangi, mke wa mwanawe Sanga, akaleta habari kutoka sokoni: Rozami ana uvimbe shingoni, na Juni anapasuliwa hospitalini, mjini Aizawl. Madaktari hawaahidi kitu.

Siku hiyo mchele ulikuwa viganja viwili. "Bwana, mimi na yeye tuna yetu, hayo tuachie wenyewe. Shingo yake ishike Wewe."

Mlango wa Rozami haukupumzika mwaka ule. Huyu kaleta mayai, yule kuni, mwingine kamtuma mumewe apande kuziba bati.

"Tazama mtu anavyopendwa!" Biakthangi alinung'unika. "Na mimi je? Aliyeokota jina langu amelala usingizi wa pono. Hata yai moja!"

"Lakini Mama, goti lako si limepona?" alisema mkwewe. "Na Sanga si ameacha pombe tangu Pasaka?"

"Hayo ni ya Mungu. Mimi nazungumzia mayai."

Siku ya upasuaji Biakthangi hakubandika chungu kabisa. Alikaa jikoni amefumbata mchele mkononi mpaka punje zikamwachia alama, na machozi yakamtoka. Alishangaa mwenyewe. Alikuwa akimlilia Rozami, na aliogopa sana kumpoteza.

Rozami alirudi Julai, mwembamba, bendeji shingoni. Biakthangi alipika mboga za majani na nyama ya nguruwe ya kukaushwa kwa moshi, akatua bakuli juu ya nguzo ya ua, akagonga, kisha akatimua mbio na umri wake ule. Kesho yake bakuli lilikuwa pale pale, safi, limefunikwa kwa kitambaa kilichopigwa pasi.

Desemba ikafika. "Haya, tufichuane," alisema Pi Zodini. "Nani anaanza?"

Biakthangi alikuwa ameshasimama. "Mimi nilimwokota Rozami," alisema. "Mwanzoni niliomba shingo upande. Baadaye sikuweza kuacha."

Pi Zodini akakunja uso. "Wewe? Mbona Rozami nilimwokota mimi?"

"Jamani, Rozami ni wangu!" sauti ikatoka viti vya nyuma.

"Wako tangu lini? Mayai yale unadhani nilikuwa nayatupa?"

Karatasi zikaanza kukunjuliwa, benchi baada ya benchi, zote thelathini na tisa. Wino wa zambarau, mwandiko mzuri, jina moja. Vichwa vyote vikamgeukia katibu.

Rozami alisimama, kovu likionekana wazi shingoni. Akafungua Biblia, akatoa ile karatasi yake nene, akaikunjua mkunjo baada ya mkunjo mpaka ikamfika magotini, akamwekea Biakthangi mikononi.

Yalikuwamo majina thelathini na tisa, kila moja na shida yake pembeni. La juu kabisa lilikuwa limefifia kwa kuguswaguswa: "Biakthangi. Goti. Sanga na pombe. Anisamehe."