Usipofika Wewe

Tairi la nyuma lilipasuka kwa mara ya tatu kwenye mteremko wa Les Combes, na safari hii Aurélien hakushuka kwa upole. Aliibwaga baiskeli majanini, akaipiga teke changarawe mpaka kidole gumba kikamuuma.

Saa nane na robo. Harusi ya Solène ilikuwa saa tisa kamili, kanisani Vergenay, na mbele yake zilibaki kilomita tisa za mawe meupe, vumbi na mizabibu.

Gari lake lilimfia njiani asubuhi, akitokea Lyon. Nguo zake nzuri zilibaki humo, na simu haikushika mtandao. Alichokuwa nacho ni baiskeli iliyofungwa juu ya paa, ile ya matairi mapana aliyoinunua kwa ajili ya njia za mashambani. Akajiambia atakata kupitia mizabibuni, kwani njia zote za huku alizijua. Miaka kumi na miwili nyuma alizipita na Solène kila Jumamosi, yeye mbele, Solène nyuma akimtukana kwa kumwacha. Kisha siku moja akamwambia anaondoka, kwa sababu ambayo hata mama yake mzazi hakuielewa. Solène alilia wiki nzima. Baada ya hapo hakumwandikia tena.

Mpaka mwezi uliopita, ilipofika barua ya mistari miwili: "Naolewa na Bastien. Usipofika wewe, Aurélien, sitasema ndiyo mbele ya mtu mwingine yeyote."

Alibandika kiraka cha mwisho alichokuwa nacho, akapiga pampu, akapanda.

Hakufika mbali. Njia ilipobanwa na kuta mbili za mawe, trekta lilikuwa limesimama katikati, limezimwa. Kwenye kivuli cha gurudumu lake alikaa mzee mnene, mkate pajani, kisu mkononi.

"Mzee, nakuomba usogeze trekta nipite."

"Nakula."

"Naona. Ila nina haraka."

"Jibini langu halina haraka." Mzee alijikatia kipande. "Unakwenda wapi na kaptula inayokubana namna hiyo?"

"Vergenay. Harusini."

"Kwa Solène? Basi umechelewa, mwanangu. Nimewaona mchana wakitoka kwa meya. Wameshatia sahihi."

"Kwa meya ni makaratasi," Aurélien alisema. "Kanisani bado."

Mzee aliacha kutafuna. Akamkagua kuanzia kofia hadi viatu.

"Na bwana harusi anajua kama unakuja?"

"Anajua."

"Maskini. Sikiliza, nami niliwahi kuendesha baiskeli kutwa nzima kwa ajili ya mwanamke. Nilipofika akanifungia mlango, na baba yake akanifungulia mbwa. Keti hapa, kula jibini, urudi kwenu."

"Mzee, trekta."

"Nikimaliza kula."

Aurélien aliitwika baiskeli begani na kuuparamia ukuta. Jiwe la juu likang'oka, akaangukia upande wa pili kwa goti. Mizabibu ilikuwa imepuliziwa dawa asubuhi hiyo. Alipotokea mwisho wa mstari, baada ya kunaswa na nyaya mara mbili, alikuwa na madoa ya bluu kifuani na mikononi, na damu ilikuwa ikimchirizika hadi kwenye soksi. Nyuma yake alimsikia mzee akicheka peke yake.

Mlima wa mwisho ulimkatia cheni. Hapo alitamka neno ambalo hakuwa amelitamka kwa miaka mingi, akajuta papo hapo. Aliisukuma baiskeli huku jasho likimwingia machoni. Alilikasirikia gari, alimkasirikia mzee na jibini lake, aliyakasirikia mawe. Zaidi ya yote alijikasirikia mwenyewe. Alikwisha kumwacha Solène akisubiri mara moja maishani. Kengele ya Vergenay ilipolia mara tatu ng'ambo ya bonde, kutangaza saa tisa, alianza kukimbia.

Ilikuwa saa tisa na nusu alipoiegemeza baiskeli kwenye ukuta wa kanisa. Mlangoni alisimama shangazi yake bwana harusi, mama wa mjini mwenye kofia pana, akijipepea kwa karatasi ya nyimbo.

"Kijana, hii ni harusi, si mashindano."

"Niache nipite, mama."

"Wewe ni wa upande wa bibi harusi au wa bwana harusi?"

Aurélien alichungulia ndani juu ya bega lake.

"Nilijua," mama yule alisema, akishusha sauti. "Bibi harusi amegoma kuanza. Nusu saa sasa, macho mlangoni tu, haambiliki. Kumbe ni wewe. Huna haya? Waache watoto wa watu waoane."

Aurélien alimpita.

Vyuma vya viatu vyake vya baiskeli vililia juu ya sakafu ya mawe. Vichwa viligeuka, safu baada ya safu. Mtu mmoja alitaja jina lake kwa mnong'ono, na mnong'ono ule ukamtangulia mpaka mbele. Solène aligeuka. Alikuwa mwekundu kwa hasira, na machozi yalikuwa karibu.

"Umechelewa," alisema.

"Najua. Nisamehe."

Bastien, jitu la mabega mapana, alishuka ngazi mbili akasimama mbele yake, kifua kwa kifua. Aliitazama dawa ya bluu, akalitazama goti linalovuja damu, kisha akanyoosha mkono na kumtupia begani joho jeupe.

"Vaa haraka, Padri," alisema. "Mke wangu amechoka kusimama."