Mstari Uliopinda

Tunu aliketi mkekani akakunjua ukurasa wa gazeti. Pichani alikuwa Zawena, mwimbaji aliyejulikana nchi nzima.

"Bibi, nisuke kama huyu. Kesho naenda harusini, nisije nikachekwa. Utaweza?"

Bi Mwanakheri akavaa miwani. Kichwa kile cha pichani alikisuka tangu Zawena hajang'oa jino la kwanza. "Nitajaribu, mjukuu wangu."

"Na huu mstari wa nyuma ya sikio usiunyooshe! Umepindwa makusudi. Ndiyo fasheni yenyewe."

Chanuo likasimama hewani. Mstari ule aliupinda yeye, asubuhi ile Zawena alipokuja analia kwa sababu wenzake walilicheka kovu lake la moto nyuma ya sikio. Bibi alizivuta nywele zikalifunika, akamwahidi hatamwambia mtu, na mtoto akaenda shule kichwa juu.

"Wanasema alisukiwa ng'ambo," Tunu alisema.

Neno likamfika bibi mdomoni. Akilisema, mtaa mzima utamjua msusi ni nani. Utajua pia kovu liko wapi.

Akachovya vidole kwenye mafuta ya nazi. "Aliyemsuka lazima alikuwa fundi."

"Fundi hasa! Wewe fuatisha tu, usijitie kubuni."

Bibi akacheka mpaka miwani ikamteleza, kisha akaupinda mstari taratibu, nyuma ya sikio lisilo na kovu lolote. Nje, bombani, wasichana watatu waliinama kujaza ndoo zao, na nyuma ya kila sikio mstari ulikuwa umepinda.