Panya Buku na Bima ya Vilivyomo

Krachaa! Usiku huo mti uliangukia nyumba ya Panya Buku, ukabomoa paa na kusaga kila kilichokuwa ghalani.

Panya Buku hakulia, alicheka. "Mimi nina bima ya nyumba na bima ya vilivyomo ndani yake," akawatambia majirani. "Nyinyi endeleeni kuomba miti isianguke!"

Asubuhi akafika Korongo, mkaguzi wa bima, mwenye shingo ndefu na subira fupi. Desturi ya msitu ule ilikuwa kwamba orodha ya vilivyoharibika husomwa mbele ya majirani, wawe mashahidi. Panya Buku, kwa tamaa ya kulipwa vyote, akasoma kwa mbwembwe bila kuruka hata kimoja:

"Karanga, magunia matatu. Kibuyu kimoja kikubwa, ufa wake umeshonwa kwa ukindu mwekundu."

"Ukindu mwekundu?" akaruka Kuchakulo, jirani yake mjane. "Kibuyu changu hicho! Misimu mitatu namsaka mwizi, na wewe unanisaidia kumsaka!"

"Vibuyu hufanana, dada."

Korongo akainamisha shingo hadi puani pa Panya Buku. "Bwana Buku, fidia ya vilivyomo huenda kwa mwenye mali. Ukidanganya kuhusu kimoja tu, hatulipi vilivyomo, wala hatujengi nyumba. Na masika hayo yanakuja. Kibuyu hiki ni cha nani?"

Panya Buku akatazama paa lililolala chini. Akatazama mawingu.

"Cha Kuchakulo," akasema.