Muziki wa Ramani ya Alunguli

Musafiri alikuwa amejenga mtaa wao wa Alunguli ndani ya mchezo wa video, njia kwa njia, mpaka bustani za mboga kando ya Lualaba. Kilichobaki kilikuwa muziki wa kusikika polepole wakati mchezaji anatembea. Ndipo alipokumbuka kaseti ya marehemu baba yake, mpiga gitaa. Mama alikuwa ameihifadhi tangu vita bila kuisikiliza hata mara moja.

Aliihamishia kwenye kompyuta, akafungua sauti. Gitaa lilitoka safi. Halafu likakatika ghafula, na mwanaume akapiga kelele: "Funga mulango!"

Musafiri hakuwa na kumbukumbu yoyote ya sauti ya baba yake. Alisimamisha rekodi, akatafuta pa kukata ili abaki na gitaa peke yake.

"Nilifunga," mama akajibu.

Alikuwa amesimama nyuma yake, mikono imejaa unga wa muhogo hadi viwikoni.

"Mama, ni kaseti tu."

"Alikuwa anapiga gitaa kwenye baraza, redio iko dirishani inamurekodi. Waasi wakatokea. Nikafunga mulango, nikakubeba mugongoni, nikatokea nyuma. Kesho yake ndipo watu walimukuta, amelala pale mulangoni."

Mama akavuta kiti, akainamisha sikio mpaka likagusa spika.

"Usikate, mwanangu. Iache iendelee, na upandishe sauti. Nataka nisikie kama aligonga."