Ufunguo wa Jikoni

Ufunguo wa jikoni umepata joto kiganjani mwangu. Humo jikoni mume wangu na vijana wamemfungia Anne-Marie, shangazi wa mume wangu, aliyekuwa akiwaogesha wanangu wawili wa kiume hadi walipokufa kwa ugonjwa.

"Lete ufunguo," mume wangu anasema. Nyuma yake vijana wa mtaa wetu wa Kadutu wameshika mawe. "Mulozi atoke! Muchawi huyo!"

Asubuhi hii daktari alinieleza majibu ya damu yangu. Seli za kinga za wanangu zilizaliwa bila vipokezi, yaani masikio yake, kwa hiyo hazikusikia ugonjwa ukiingia. Jeni mbovu iliyoleta kasoro hiyo waliirithi kwangu.

Shangazi anagonga mlango polepole, kama mgeni.

"Papa, haiko yeye," ninamwambia mume wangu.

"Basi ni nani?"

Vijana wanasogea na mawe yao, wakisubiri jina.