Jibu la Kibali

Siku hizo hakuna aliyezaa bila kibali. Jibu lilikuja kwenye kompyuta ya nyumbani, na ikifika adhuhuri lilifutika. Siku ya jibu lao, saa tano asubuhi, kioo cha kompyuta ya Raya na mumewe Makame kilikuwa cheusi tii, ingawa feni ya mashine ilivuma.

“Waya ni mzima!” alisema Makame akihema.

Raya alifungua mashine, akachomoa kadi ya kumbukumbu, akaisugua uchafu kwa ufutio wa penseli na kuirudisha mpaka ikalia ta!

Kioo kikawaka: MMERUHUSIWA MTOTO MMOJA.

“Tumepata, mama!” Makame aliruka.

Mama yake, Bi Mize, asiyejua kusoma, alipiga vigelegele na kumkumbatia Raya. Juu ya bega la mkwewe, Raya alisoma mstari wa chini: JAZENI JINA LA MTU WA NYUMBANI ATAKAYEONDOLEWA DUNIANI KUMPISHA.

Akamkumbatia kwa nguvu zaidi.