Miaka Miwili ya Tunu

Kila mtoto akitimiza miaka kumi, mtambo wa mtaa humtengenezea filamu ya katuni ya utoto wake, na familia huitazama pamoja. Sharti la mtambo ni moja tu: filamu lazima imfurahishe mtoto.

Ya Tunu ilionyeshwa sebuleni kwao Pangani, Jumapili baada ya chakula cha mchana. Alikaa kati ya mama yake, Mwanahawa, na bibi yake, Bi Salha. Kwenye filamu, Tunu wa miaka minne alikuwa anaumwa surua, na mama yake, aliyechorwa kwa macho makubwa ya upole na kanga ya njano, alimpepea na kumlisha uji kijiko kwa kijiko.

Mwanahawa alishindwa kuvumilia. "Mwanangu, hapo mimi sikuwepo. Nilikuwa Maskati kikazi, miaka miwili mizima. Aliyekuuguza ni bibi yako."

Tunu alicheka. "Mama, umesahau! Mimi nakumbuka kabisa. Ulivaa kanga hiyo hiyo ya njano. Bibi, si alikuwa mama?"

Bi Salha alimtazama mjukuu wake, kisha akamtazama binti yake, ambaye tangu arudi hakuacha kuomba radhi kwa kuondoka.

"Alikuwa mama yako," alisema. "Mimi nilipika uji tu."

Tunu akamkumbatia mama yake kwa nguvu. Mwanahawa hakumsahihisha tena, na alipogundua kwamba amefurahi, aliogopa kumtazama Bi Salha usoni.